Filimbi Iliyorudishwa Mara Tatu

Drumlaheen, Leitrim
12 Septemba 1976

Bwana Colman Hehir,

Hapa tu wazima. Mimi mzima, Dympna mke wangu mzima, ng'ombe nao wazima isipokuwa mmoja mwenye kwato mbovu. Filimbi imefika. Tarishi aliileta juzi ameikumbatia kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, maana uliandika "polepole" mara nne juu ya mzigo.

Nilipoifungua, Dympna aliacha kukanda mkate akaja kuitazama, mikono imejaa unga. Akasema, "Malachy, hii ni ya kuwekwa kabatini." Nikamwambia filimbi za kabatini ni za watu wa mjini. Hii itakwenda baa ya Bi Geelan, Jumapili baada ya Misa, kwenye kiti kilicho kushoto kwa Phelim Mulvey, nilipoketi kwa miaka thelathini na minane. Yeye na fidla yake, mimi na filimbi yangu. Wenye kodiani wakija, karibu. Wasipokuja, hatuwaulizi.

Filimbi ya marehemu baba imepasuka kiasi kwamba hata nta haiizibi tena, ndiyo maana nilikuagiza hii. Mbao yako ni nzuri mno, kijana. Nimeipitishia kidole toka juu hadi chini, sikukuta hata mkwaruzo mmoja.

Kuna jambo dogo tu. Sauti ya chini kabisa, ile ya kufunika matundu yote sita, haitoki. Inatoka hewa tupu. Nadhani inavuja mahali fulani kwenye maungio. Nakurudishia kwa basi la Ijumaa uitazame.

Wako,
Malachy Tiernan

*

Crusheen, Clare
25 Septemba 1976

Mzee Malachy,

Shikamoo yangu ikufikie. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma tena nimekaa, maana neno "nzuri mno" kutoka kwako halikuwa limeniingia vizuri.

Nimefungua maungio yote, nikaondoa uzi wa zamani na kuzungushia mpya, nikapaka mafuta ya lozi ndani. Nimeiziba upande mmoja na kuvuta hewa upande wa pili, ikaning'inia mdomoni bila kuanguka. Haivuji tena, kama ilikuwa inavuja.

Niruhusu nikwambie jambo ambalo uliponiagiza sikulisema, nisije nikaonekana mtu wa kujipendekeza. Nilikuwa na miaka kumi na saba ulipokuja Clare kwenye sikukuu ya muziki. Baa ilijaa, hata mlango haukufunguka, nikasimama uani karibu na mapipa. Sikukuona hata kidogo. Nilisikia fidla, nikasikia kodiani mbili, na chini ya hivyo vyote nikasikia pumzi. Sijui niielezeje. Vyombo vingine vilikuwa vinapigwa, chako kilikuwa kinapumua. Fidla ilikimbia, nawe ukaipa ardhi ya kukimbilia. Mzee mmoja aliyesimama nami mapipani akasema, "Huyo ni Tiernan wa Leitrim. Akinyamaza huyo, hawa wengine watasikika kama kuku." Nikarudi nyumbani nikamwambia baba sitaki tena baiskeli, nataka filimbi.

Sikuwa mpigaji mzuri. Ila mikono yangu inaujua mti. Gogo hili la mpingo lilitoka Afrika Mashariki kwa meli, nikakaa nalo miaka mitatu sithubutu kuligusa. Ulipoagiza, nikaacha kazi ya kutengeneza viti kule Ennis, nikawasha mashine ya kukerezea. Hii yako ni filimbi yangu ya kwanza kutoka nje ya Clare.

Nimeituma Jumatatu. Nisalimie Mama Dympna.

Colman Hehir

*

Drumlaheen
20 Oktoba 1976

Bwana Colman,

Imefika. Nimeijaribu wiki mbili nzima. Bado.

Chini haina kitu, katikati inakwaruza, juu inapiga mluzi kama birika. Nilikuwa na filimbi mkononi kabla wewe hujazaliwa, kwa hiyo usiniambie nibadilishe namna ninavyoishika. Huenda kizibo cha ndani ya kichwa cha filimbi kimekaa vibaya. Huenda tundu la kupulizia ulilichonga kwa ajili ya watu wa Clare, ambao hupiga rili, muziki wa mbio, kama wanaofuata jeneza. Sisi huku tunapiga kama watu walioona nyumba inaungua.

Kwa Bi Geelan sijaipeleka. Siwezi kupeleka kitu cha aina hii mbele ya watu. Nakurudishia.

M. Tiernan

*

Crusheen
8 Novemba 1976

Mzee Malachy,

Habari za kutwa. Kuhusu jeneza, nimewasomea watu wa hapa na wanasema watakujibu siku utakapokanyaga Clare.

Nimetengeneza kizibo kipya, nikakisogeza kidogo sana, unene wa ukucha. Nimepitisha keekee ndani tena kwa mkono. Kisha nimefanya jambo ambalo natumaini hutakasirika: nimewapa watu wawili waipige, wote wapigaji wa miaka mingi. Wa kwanza hakutaka kuirudisha. Wa pili aliijaza nyumba yote kwa ile sauti ya chini hadi vikombe vya mama vikatikisika rafuni.

Lakini hao si Malachy Tiernan. Kama wewe unasikia kasoro, basi wao hawana masikio ya kuisikia, na mimi sina pia. Naituma mara ya tatu. Tafadhali, ukipata nafasi, niandikie kila sauti moja moja inafanyaje, nami nitajua pa kushika patasi.

Colman

*

Drumlaheen
3 Januari 1977

Bwana Hehir,

Nakurudishia filimbi yako, na safari hii usiitume tena. Mbao haina sauti. Kuna miti ya aina hiyo. Huna la kufanya.

Mpe mwingine, au iweke dirishani watu waitazame. Usiniulize zaidi.

M. Tiernan

*

Crusheen
17 Januari 1977

Mzee Malachy,

Filimbi nimeipokea, na neno lako pia.

Nakushukuru kwa kusema kweli. Wengine hapa wamekuwa wakinisifu kwa sababu wananipenda, au kwa sababu ni majirani. Ni afadhali kuambiwa na mtu mmoja anayejua. Nilikuwa nimekata mbao za filimbi nyingine sita, zimepangwa juu ya dirisha zikauke. Kama sikuweza kujua kwamba gogo lile halina sauti, sina haki ya kumuuzia mtu hizo sita.

Nimetoa tangazo gazetini la kuuza mashine. Kule Ennis wamekubali kunirudisha kwenye viti kuanzia mwezi wa tatu. Kiti hakidai sauti.

Usione kwamba nina kinyongo. Siku ile ya mapipani bado ni yangu.

Colman Hehir

*

Drumlaheen
29 Januari 1977

Mwanangu Colman,

Hunijui. Mimi ni Dympna, mke wake Malachy. Ninaandika mezani kwangu na yeye yuko nje na ng'ombe, kwa hiyo maneno yangu yatakimbia.

Barua yako ilikuja Alhamisi. Aliisoma, akaiweka mezani, akachukua kofia akatoka bila chai. Malachy kutoka bila chai sijapata kuona. Nikaisoma. Mwanangu, usiuze mashine. Filimbi yako haina kosa. Haijawahi kuwa na kosa. Kosa liko kinywani kwake.

Mwezi wa nane, siku ya kumi na tisa, aling'olewa meno yote. Ufizi ulikuwa umeoza, daktari akasema ama hivyo ama usaha uende kwenye damu. Alirudi na meno ya bandia, juu na chini, na mtu akimtazama hajui, maana amekatazwa kutabasamu tangu azaliwe. Kila mtu hapa anadhani alikwenda Carrick kuuza ndama. Wiki tatu baadaye ikafika filimbi yako. Wewe fikiria mwenyewe. Mtu amesubiri mwaka mzima, anaipandisha mdomoni, na mdomo si wake tena.

Anajifungia bandani kupuliza. Namsikia. Ni sauti ya mtu anayepoza uji. Kisha anarudi ndani na kusema, "Yule kijana wa Clare hajui kazi." Mara ya kwanza nilidhani anaamini. Sasa najua haamini.

Utauliza kwa nini asiseme tu. Nitakwambia, nawe usilirudishe kwake. Baba yake, Mzee Hughie, naye aling'oka meno. Naye alikuwa mpigaji, watu walitoka Roscommon kuja kumsikia. Aliendelea kuketi kwenye kiti chake kwa Bi Geelan, yule Bi Geelan mama, akipuliza hewa, na watu kwa adabu wakawa wanapiga fidla kwa nguvu zaidi ili wamfunike. Walimpigia makofi kama mtoto. Malachy alikuwepo, kijana wa miaka ishirini na mbili, akiona. Aliniambia usiku wa harusi yetu, hajarudia tena: "Afadhali wanisahau kuliko wanihurumie."

Na Phelim Mulvey, masikini. Tangu Agosti Malachy hajakanyaga baa. Akimwona Phelim barabarani anageuza gari. Phelim alikuja hapa wiki iliyopita, amesimama mlangoni anasokota kofia.

"Yupo?"

"Yuko bandani."

"Mwambie basi, kama ni ile kauli yangu ya mwezi wa saba, nilikuwa nimelewa."

"Kauli gani, Phelim?"

"Mimi nitajuaje, Dympna? Si nimekwambia nilikuwa nimelewa?"

Tukacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema tangu Krismasi fidla hajaitoa sandukuni. Anakwenda, anakaa, anakunywa, anarudi. "Nikianza rili," akasema, "nahisi kama natembea juu ya ubao na nyuma yangu hakuna mtu wa kuushika."

Sijui unaweza kufanya nini. Huenda hakuna. Lakini nisingeweza kula chakula nikijua kwamba kijana wa watu ameuza kazi yake kwa ajili ya seti ya meno. Ukiandika, andika kwa jina langu kupitia dada yangu Ita kule Mohill, anwani iko nyuma.

Dympna Tiernan

*

Crusheen
9 Februari 1977

Mama Dympna,

Nilipomaliza barua yako nilitupa kofia ukutani. Kwanza kwa furaha, kisha kwa hasira, kisha sikujua ni kwa nini, nikaenda kuiokota. Tangazo nimeliondoa. Jamaa wa Ennis nimewaambia viti vyao vitajitengeneza vyenyewe.

Sasa nina maswali, unijibu upesi. Meno ya juu yanabana au yanacheza? Mdomo wa chini umeingia ndani kuliko zamani? Akipuliza, hewa inatoka katikati au pembeni? Mtazame bila kujulikana.

Shangazi yangu Concepta ana meno ya bandia tangu vita. Nilimwomba apulize filimbi. Akasema yeye si kahaba. Nikamweleza, akapuliza, akaipenda, sasa hataki kuondoka karakana. Mimi mwenyewe nimejibandika maganda ya chungwa juu ya ufizi, ndani ya mdomo wote, nikajaribu kupiga. Mama Dympna, nilifutika. Miaka yote niliyojifunza ilipotea mara moja. Nikamwelewa Mzee Malachy kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote.

Nadhani najua tundu la kupulizia linalotakiwa: pana kidogo, ukingo wake uwe laini, umsamehe mtu ambaye mdomo wake haukai penye shabaha. Lakini tundu peke yake halitoshi. Midomo lazima ijifunze upya, polepole, kwa sauti ndefu, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Na kumwambia Malachy Tiernan ajifunze kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, hilo mimi siwezi.

Niachie siku kadhaa. Nitatafuta namna ya kulaumu mbao.

Colman

*

Crusheen
26 Februari 1977

Mzee Malachy,

Najua ulinikataza kuituma tena. Naomba msamaha kwa kukaidi, lakini kosa nimelipata, na ni langu.

Ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Lilikuwa kwenye kichwa, kwenye tundu la kupulizia, ambalo nililichonga jembamba na kali kupita kiasi. Nimekitupa kile, nimechonga kichwa kipya. Filimbi imo kwenye mzigo huu.

Sharti ni moja, nalo halina mjadala. Kichwa hiki nimekikata kwenye gogo jipya kabisa, bado halijazoea unyevu wa pumzi. Ukikipiga kwa nguvu kitapasuka. Kwa hiyo: wiki sita, kila asubuhi kabla ya chai, dakika kumi na si zaidi. Sauti za chini tu. Moja moja, ndefu, hadi pumzi iishe. Usipige wimbo. Hata nusu ya wimbo. Wiki mbili za kwanza usipande juu ya sauti tatu za chini. Wiki ya tatu ongeza moja, ya nne nyingine. Zikitoka hewa tupu mwanzoni, usishangae, ni mbao inafunguka.

Ikipasuka kwa sababu umeniasi, nitatangaza Clare nzima kwamba Malachy Tiernan hakuweza kusubiri.

Colman

*

Drumlaheen
20 Machi 1977

Bwana Colman,

Leo ni wiki ya tatu. Nakupa hesabu kama ulivyotaka.

Siku ya kwanza hadi ya nane, hewa. Ng'ombe walinitazama kama mtu aliyekuja kuwasomea sheria. Siku ya tisa, sauti ya chini kabisa ilitoka, ikakaa muda wa kusema Salamu Maria nusu, ikaondoka. Nilikaa juu ya ndoo. Siku ya kumi haikuja. Siku ya kumi na moja ilikuja ikakaa Salamu Maria nzima. Sasa naita, inaitika, ingawa ina ukali wa mlango wa zizi.

Nimekuwa na filimbi tano maishani mwangu. Sijapata kusikia mbao inayohitaji wiki sita, wala fundi anayetaja chai ya asubuhi katika masharti yake. Lakini wewe ndiye fundi. Mimi nafuata.

Mbao yako inafunguka.

M. Tiernan

*

Mohill, kwa mkono wa dada yangu
17 Aprili 1977

Mwanangu Colman,

Jumanne alipiga jikoni. Jikoni, Colman, si bandani! Nilikuwa namenya viazi nimempa mgongo, nikasikia sauti ndefu ya chini, nene, yenye joto, imeingia chini ya meza na kuzunguka miguu ya viti. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka ataacha. Ikafuata nyingine, na nyingine, kisha vidole vikamponyoka, akapiga mzunguko mmoja wa jigi ya polepole, ngoma ile baba yake aliyokuwa akimalizia nayo. Kuna mahali palikatika. Palipokatika alirudi nyuma akapavuka.

Akasema, "Usimwambie yule kijana. Bado siku nne kutimia wiki sita."

Si kama zamani, sitakudanganya. Juu kule bado hafiki. Lakini machozi yangu yaliingia kwenye viazi, nikamwambia ni vitunguu, na vitunguu havikuwepo.

Anasema ataenda kwa Bi Geelan tarehe moja Mei. Tangu aseme, halali vizuri. Meno ya juu yakishapata joto yanalegea, na anajua. Nilimwambia, "Mweleze Phelim kwanza, faraghani." Akasema, "Nitamweleza nini? Kwamba nimeogopa miezi minane?" Nikamwambia ndiyo, hilo hasa. Akaenda kutazama ng'ombe.

Tuombee.

Dympna

*

Drumlaheen
2 Mei 1977

Mpendwa Colman,

Kaa chini, hii ni ndefu.

Jana baada ya Misa niliingia kwa Bi Geelan na filimbi ndani ya koti. Walikuwepo kama watu ishirini. Wale wa kodiani walikuwa wanapiga, si vibaya. Waliponiona wakapunguza. Phelim alikuwa kwenye benchi, sanduku la fidla chini ya miguu limefungwa, anatazama bia yake nyeusi kana kwamba imeandikwa kitu.

Nikauliza, "Kiti hiki kina mtu?"

Akasema, bila kuinua macho, "Kilikuwa naye."

Nikakaa. Bi Geelan akafuta glasi ambayo ilikuwa safi. Kwa miaka yote hiyo ni Phelim anayeanza, mimi sijapata kuanza hata siku moja, filimbi si ya kuanza, filimbi ni ya kuingia. Lakini Phelim hakuwa anaanza kitu. Kwa hiyo nilianza mimi, peke yangu, rili aliyotufundisha baba yake Phelim tukiwa hatujaota ndevu. Nilianzia chini, polepole, nikaishika ile sauti hadi niliposikia ubao wa kiti unaijibu.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda. Nilimwona Bi Geelan ameacha glasi. Mzunguko wa pili meno ya juu yakaanza kucheza rili yao wenyewe. Mara ikawa mluzi, kisha hewa. Nikasimamisha.

Colman, nakwambia jambo ambalo hakuna mtu anayelijua. Niliwaona wanaanza kutazama pembeni. Mmoja dirishani, mmoja viatuni. Mwenye kodiani akaweka vidole tayari, kwa adabu, ili anifunike. Nimeuona ule mkono mara moja kabla, nikiwa kijana, na aliyefunikwa alikuwa baba yangu. Niliapa hautanifikia. Na sasa ulikuwa umenifikia, na kumbe mtu anaweza kukaa ndani yake na bado akawa anapumua.

Nikamwambia mwenye kodiani, "Shusha mkono, bwana wee." Kisha nikaingiza kidole kinywani, nikatoa meno ya juu, nikatoa ya chini, nikayaweka mezani karibu na glasi ya Phelim.

Phelim akayatazama. Akanitazama mimi.

"Tangu lini?"

"Agosti." Ilitoka "Agofti." Mtu mmoja akacheka, akazibwa mdomo.

"Agosti!" Phelim akasimama. "Miezi minane nimekwenda kuungama dhambi nisiyoijua! Padri amenichoka! Anasema, Phelim, rudi ukishakumbuka! Mzee mzima wewe, unanikimbia barabarani kwa ajili ya hivi vitu?"

"Niliogopa mtanihurumia."

"Nikuhurumie wewe? Ulivyonitesa? Nitakuhurumia ukifa, na hapo pia nitafikiria."

Basi hapo baa yote ilianguka kwa kicheko, na mimi nikicheka na ufizi mtupu mbele ya watu wa parokia yangu, jambo ambalo singeamini ningeambiwa. Phelim alikuwa tayari amepiga magoti anafungua sanduku. Nyuzi zake zilikuwa zimelegea vibaya, akazikaza huku ananitukana. Kisha akaanza.

Nikamwachia mzunguko mmoja. Nikaweka midomo mitupu kwenye tundu lako, bila jino hata moja nyuma yake, na sikujua kitakachotokea. Ikatoka. Nene, Colman. Wiki sita za ng'ombe na ndoo zilikuwa zimefundisha midomo kazi ya meno, na lile tundu pana likaipokea pumzi hata ilipokosea njia. Sauti mbili za juu sijazipata, huenda sitazipata tena. Nilipofika hapo niliziruka, na Phelim akazipiga yeye, bila kuulizwa, akanirudishia wimbo ng'ambo ya pili kama mtu anayepokea mzigo kwa mwenzake kwenye ngazi. Tulipiga hadi Bi Geelan alipolazimika kufunga mlango saa nane mchana, kama sheria ya Jumapili inavyotaka, akafunga tukiwa ndani.

Sasa la muhimu. Sitakuuliza ni nani aliyekwambia. Ila Dympna hajapata kumtembelea dada yake Mohill kwenye mvua ya mwezi wa pili tangu tuoane, na mwaka huu kaenda mara mbili. Nilijua tangu niliposoma masharti yako. Hakuna mbao duniani inayojali kama mtu amekunywa chai au hajanywa. Ulijua, ukajitwika kosa langu, ukalipa jina la kosa lako, na ukanipa namna ya kujifunza bila kunivua nguo. Nilikubali uongo wako kwa sababu ulikuwa bora kuliko wangu.

Maana wangu ulikuwa mbaya. Niliandika kwamba mbao haina sauti. Wino haujakauka nilijua ninaongopa. Nilipopokea barua yako ya kuuza mashine nilikwenda kusimama shambani hadi giza, na bado sikuandika. Mwanamke ndiye aliyeandika. Hilo nitakaa nalo.

Kwa hiyo jana, kabla hawajaondoka, nilisimama nikawaambia wote, na leo nakuandikia hapa kwa mkono wangu, uibandike ukutani kwenye karakana, kila anayeingia aisome: Mimi, Malachy Tiernan wa Drumlaheen, nilimrudishia Colman Hehir filimbi mara tatu. Ilikuwa nzima mara zote tatu. Sijapata kuishika iliyo bora.

Zile mbao sita zilizo dirishani, anza kuzikereza. Tatu zina wenyewe tayari. Wa kwanza ni mpwa wake Phelim, Fidelma, mwalimu wa shule, ambaye jana aliishika ya kwangu na kuirudisha kwa shida. Mchongee tundu jembamba na kali, kama lile la kwanza. Ana meno yake yote.

Rafiki yako,
Malachy